Maswali ya Wasomaji: Niuze Kiwanja Kijana Akasome Aberdeen?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu kutoka Kisauni. Kijana wangu wa kwanza ana stashahada ya uhandisi wa mitambo kutoka Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Marehemu baba yake alikuwa fundi katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, na kijana anataka kufuata nyayo zake. Sasa kuna wakala anayemhimiza ajiunge na Chuo Kikuu cha Robert Gordon, mjini Aberdeen, akidai kwamba masomo ya Uskoti ni ya bure na kinachohitajika ni nauli na gharama za kuanzia. Shemeji yangu naye ananiambia kwamba hicho si chuo kikuu, ni politekniki iliyobadilishwa jina. Nina kiwanja Mtwapa ninachoweza kukiuza. Nimsikilize nani? – Mama wa Kisauni

JIBU: Mama, salamu zako zimefika, na pole kwa kuondokewa na mwenzio.

Nianze na shemeji yako, kwa sababu alilolisema lina ukweli ndani yake, ila hitimisho lake silikubali. Robert Gordon alikuwa mfanyabiashara wa Aberdeen aliyetajirika kwa biashara katika bandari ya Danzig, ambayo leo huitwa Gdańsk, na alipofariki mwaka wa 1731 aliacha mali yake itumike kuwalea na kuwasomesha wavulana. Baada ya vizazi kadhaa wakfu huo ulizaa taasisi ya ufundi, nayo ilipewa hadhi ya chuo kikuu mwaka wa 1992, wakati sheria mpya za Uingereza zilipofungua mlango huo kwa taasisi nyingi za aina yake. Hapa kwetu njia ilikuwa iyo hiyo. Chuo alichosoma mwanao kilianza kama MIOME, taasisi iliyowafunza vijana Waislamu kazi za ufundi, kikawa Mombasa Polytechnic mwaka wa 1972, kisha kikapata hati ya chuo kikuu mwaka wa 2013. Kama shemeji hawadharau wahitimu wa chuo cha mwanao pale Tudor, sioni kwa nini awadharau wa Aberdeen.

Jambo la kuuliza, basi, ni kazi gani inayoingia katika karakana ya chuo chenyewe. Nasema karakana kwa makusudi, kwa kuwa chuo cha namna hii hakina tofauti kubwa na fundi mwenye wanagenzi: mwanagenzi hujifunza kulingana na kazi zinazoletwa pale, na fundi asiye na wateja hana la kumfunza ila maneno. Aberdeen ilipata mteja mkubwa mwaka wa 1970, pale eneo la mafuta la Forties lilipogunduliwa chini ya Bahari ya Kaskazini, na tangu hapo mji mzima ukageuka kuwa makao ya kampuni za mafuta. Chuo kikajipanga upande huo, kikaweka hata mitambo ya kuigiza uchimbaji ambayo mwanafunzi huiendesha kana kwamba yuko juu ya jukwaa baharini, akaletewa hitilafu moja baada ya nyingine bila mtu kuumia. Hilo si jambo la mchezo katika mji ule, kwani tarehe 6 Julai 1988 jukwaa la Piper Alpha liliteketea na watu 167 wakafa, na uchunguzi uliofuata ulibadilisha namna usalama wa kazi za baharini unavyosimamiwa.

Utafiti wao pia hufuata mkondo huo. Mfano ninaoupenda ni mpango unaosaidiwa na serikali ya Uingereza ambapo kampuni yenye tatizo hushirikiana na chuo, mhitimu mmoja akaajiriwa kati ya mwaka mmoja na mitatu akae ndani ya kampuni hiyo alitatue, huku mhadhiri akimsimamia na gharama zikigawanywa. Vyuo vingi vya Uingereza hushiriki, Robert Gordon kikiwamo. Kampuni hupata ufumbuzi, mhadhiri hurudi darasani na mambo ya mwaka huu badala ya ya mwongo uliopita, na mhitimu hupata kazi ya kuonyesha mwajiri.

Ila mama, karakana yenye mteja mmoja mkubwa ina hatari yake. Uzalishaji wa mafuta wa Uingereza ulifika kilele mwaka wa 1999 na umeshuka sana tangu hapo, na bei zilipoporomoka mwaka wa 2014 wengi walipoteza kazi Aberdeen. Mji unahamia kwenye umeme wa upepo. Shamba la kwanza duniani la mitambo ya upepo inayoelea, Hywind Scotland, lilianza kazi mwaka wa 2017 karibu na Peterhead, si mbali na hapo. Huku kwetu kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta mwaka wa 2013, na mafuta ya Turkana yaliyosafirishwa kupitia bandari yetu Agosti 2019 yalikuwa ya majaribio, yaliyosimama mwaka uliofuata. Kwa hiyo kijana akichagua kozi ya mafuta pekee kwa mapenzi ya baba yake, nitamwelewa lakini sitamuunga mkono. Uhandisi wa mitambo wa jumla utamfaa bandarini, kwenye meli, kiwandani na kwenye mitambo ya upepo.

Sasa wakala. Masomo ya bure ni ya wanafunzi wanaohesabiwa kuwa wakazi wa Uskoti, ambao serikali yao huwalipia karo ya shahada ya kwanza. Mkenya anayetoka hapa hulipa karo ya mgeni, tena kila mwaka. Juu yake kuna ada ya viza, ada ya huduma za afya ya pauni 776 kwa mwaka, kipimo cha kifua kikuu, na fedha za kujikimu ambazo lazima zikae benki siku 28 mfululizo. Mtu asiyeyataja haya kabla ya kudai malipo yake amekwishakuonyesha yeye ni nani. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kiwanja usikiuze kwa ajili ya shahada ya kwanza. Uskoti shahada ya kawaida huchukua miaka mitatu na ile ya heshima minne, na ingawa wenye stashahada za kwao huweza kuingizwa mwaka wa pili au wa tatu, ya mwanao itapimwa kivyake. Usiache mbachao kwa msala upitao: amalizie shahada hapa Mombasa, afanye kazi miaka miwili, kisha aombe ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, unaolipia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja kwa sharti la kurudi nyumbani kwa miaka miwili, au ufadhili wa Jumuiya ya Madola. Hapo Aberdeen itampa kilicho bora kwake, kwa kuwa atafika akiwa na maswali ya kazini.

Akishikilia kwenda sasa, aandikie chuo mwenyewe, si kupitia wakala, aulize ataingizwa mwaka wa ngapi, kama mafunzo ya kazini yamo ndani ya kozi, na ni nani humtafutia mwanafunzi wa kigeni nafasi hiyo. Kisha apeleke jina la kozi kwa Bodi ya Wahandisi ya Kenya na kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, aulize kama shahada hiyo itatambuliwa akirudi. Majibu yote yawe kwa maandishi, na uyasome wewe mwenyewe kabla dalali hajafika Mtwapa.