Kiendelezi kilichomeza GB 86 za diski yangu

Saa tano usiku kompyuta iliniambia diski imejaa. Faili niliyokuwa naiandika ikagoma kuhifadhika, kivinjari kikawa kinajifunga chenyewe, na nilipowasha mashine upya ilikawia mpaka nikadhani haiamki tena. Diski yangu ni ya GB 256, na wiki moja kabla yake nilikuwa na kama GB 80 tupu. Sikuwa nimepakua chochote kikubwa wala kusakinisha programu mpya.

Nikafanya wanachofanya wengi: nikaanza kufuta. Video za zamani zikaenda, mafaili ya usakinishaji yaliyorundikana kwenye vipakuliwa yakaenda, picha zenye nakala mbili mbili zikaenda. Nafasi haikuongezeka hata kidogo. Ilinichukua dakika kadhaa kukumbuka kwamba nilichokifuta kilikuwa kimehamia tu kwenye pipa la taka, na pipa la taka liko kwenye diski ileile. Nikalimwaga, nikapata GB 12, nikalala nimeridhika. Jioni iliyofuata zilikuwa zimebaki GB 3.

Kama uko katika hali hiyo sasa hivi, acha kufuta kwanza. Unafuta vyako ili kumpa mwizi nafasi ya kuendelea. Tena kuna hatari ya kufuta bila kujua lile faili lenyewe linalokua, ambalo ndilo shahidi wako. Likiondoka itabidi usubiri lianze upya ndipo ujue nani analiandika. Futa kiasi cha kuiwezesha kompyuta kupumua, GB mbili tatu hivi, kisha anza upelelezi.

Nilianza upelelezi wangu vibaya pia. Nilitafuta vitu vikubwa. Nikaikuta folda ya picha, nikazikuta nakala za mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta) niliyoitumia mwaka juzi, nikaanza kuzilaumu. Lakini vitu hivyo vilikuwepo siku zote na diski haikuwahi kujaa. Ukubwa si hatia. Swali lenye maana ni hili: nini kimekua tangu jana? Kulijibu, unahitaji vipimo viwili vya mahali palepale, vilivyopishana muda.

Kwenye Linux na macOS nilitumia amri ambayo mtu yeyote anaweza kuinakili kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri:

du -xk -d 3 ~ | sort -k2 > /njia/ya/flashi/asubuhi.txt

Amri hii inapima kila folda chini ya folda yako ya nyumbani hadi ngazi tatu, kwa kilobaiti, bila kuvuka kwenda diski nyingine. Andikia matokeo kwenye flashi, maana diski iliyojaa haina pa kuyaweka. Baada ya saa moja au mbili za kazi ya kawaida, rudia na kuipa faili jina jingine, halafu linganisha mafaili hayo mawili kwa diff, amri inayoonyesha mistari iliyotofautiana. Kwenye macOS terminali inaweza kukunyima ruhusa ya kusoma baadhi ya folda. Utaona malalamiko hayo yakipita kwenye skrini, na mengi unaweza kuyapuuza. Kwenye Windows kazi hiyo hufanywa na WizTree au WinDirStat: pima, piga picha ya skrini, ngoja, pima tena. Windows pia ina Resource Monitor, ambayo kwenye sehemu ya diski hukuonyesha papo hapo ni programu gani inaandika kwenye faili gani. Ukiwa na mwizi anayeandika mfululizo, hapo utamwona kwa macho yako.

Kwangu ukuaji mkubwa ulielekeza mahali pamoja tu. Folda ya mradi ninaoufanyia kazi kila siku. Kidirisha cha mafaili kiliponionyesha yaliyomo, mafaili yote niliyoyaona hayakufika MB 300. du ikasema GB 86.

Kilichofichika kilikuwa folda ndogo yenye jina linaloanza na nukta. Kwenye Linux na macOS jina la namna hiyo halionyeshwi mpaka uombe, lakini du huhesabu kila kitu bila kujali kilivyoitwa. Ndani yake nikakuta nakala 1,800 hivi za faili moja, kila moja ikiwa na tarehe na saa kwenye jina lake, na kila moja ikiwa na MB 48.

Hapo nikakumbuka. Miezi sita nyuma nilipoteza kazi ya mchana mzima kwa kufuta mistari nisiyopaswa kuifuta, nikaweka kwenye kihariri changu cha msimbo kiendelezi, yaani programu ndogo ya nyongeza, kinachotunza historia. Kila faili ikihifadhiwa, kiendelezi kinaweka nakala yake kamili pembeni. Sina ugomvi nacho. Kilikuwa kimeniokoa mara mbili. Na kihariri chenyewe nilikuwa nimekiagiza kihifadhi kila ninapoacha kuchapa kwa sekunde moja. Nalo ni jambo zuri. Lakini wawili hawa hawakuwa wamejuana vizuri: kimoja kinahifadhi kila nikivuta pumzi, kingine kinanakili kila faili ikihifadhiwa.

Kwa miezi sita hakuna kilichoonekana, kwa sababu mafaili yangu ya msimbo ni ya KB 10 hivi. Nakala 1,800 za KB 10 ni MB 18, kiasi ambacho hakuna mtu angekiona. Wiki ile nilianza kusahihisha kwa mkono faili la data la MB 48. Idadi ileile ya nakala ikawa GB 86.

Ndiyo maana lile swali la kawaida, "umesakinisha nini karibuni?", lilinipoteza kabisa. Sikuwa nimesakinisha kitu. Kiendelezi kilikuwa kilekile, mipangilio ileile, hata toleo halikuwa limebadilika. Kilichobadilika ni kazi yangu. Siku hizi mtu akiniambia diski yake inajaa ghafla, namuuliza kwanza anashughulikia nini wiki hii ambacho wiki iliyopita hakuwa nacho.

Ishara zilikuwepo, nikiri. Nikitafuta neno ndani ya mradi, majibu yalikuwa yanakuja polepole na mstari mmoja ulikuwa unajirudia mamia ya mara. Niliona, nikasema moyoni kihariri kimezeeka. Huduma ya kusawazisha mafaili kwenye wingu nayo ilikuwa inapakia mchana kutwa. Git, programu inayotunza matoleo ya msimbo, peke yake ndiyo iliyokaa kimya, kwa sababu niliiagiza mwenyewe, siku ileile niliyosakinisha kiendelezi, isiitazame folda hiyo. Nilimfumba mlinzi macho kwa mkono wangu.

Kabla ya kufuta chochote nilizima kiendelezi. Nilikizima tu, sikukiondoa, kwa sababu bado nilikuwa na dhana, na dhana lazima ijaribiwe. Nikafanya kazi saa moja kwenye lile faili la data, nikapima. Folda haikuongezeka hata kilobaiti. Nikakiwasha dakika tano, ikaongezeka. Sasa nikawa na uhakika.

Kufuta nako kuna utaratibu wake. Simamisha kwanza usawazishaji wa wingu, la sivyo ufutaji wako utasambaa hadi kwenye kompyuta zako nyingine kabla hujajua kama umefuta sahihi. Toa unachotaka kubaki nacho: mimi nilinakili nakala ya mwisho ya kila siku kwenye flashi, saba tu. Kisha futa kwa namna isiyopitia pipa la taka. Ukitumia rm -r, amri ya kufuta folda na vyote vilivyomo, andika njia nzima ya folda, na kabla ya hapo itazame kwa ls, amri ya kuorodhesha yaliyomo, ukitumia njia hiyohiyo, herufi kwa herufi. Amri ya rm haiulizi mara mbili.

Kwenye macOS unaweza kufuta kila kitu na nafasi isirudi mara moja. Usipagawe. Time Machine, programu ya nakala rudufu ya macOS, huweka picha za hali ya diski kwenye diski yenyewe kwa muda wa saa 24 hivi, na picha hizo hushikilia data uliyoifuta. Amri tmutil listlocalsnapshots / itakuonyesha zipo ngapi.

Halafu nikafungua mipangilio ya kiendelezi, jambo nililopaswa kulifanya siku ya kwanza. Kila kitu kilikuwepo: siku za kutunza nakala, folda za kuruka, mahali pa kuweka historia. Niliweka siku saba, nikaitaja folda ya data kati ya zinazorukwa, na historia nikaihamishia nje ya mradi. Soma maelezo kabla ya kuandika sifuri kwenye kisanduku cha kikomo, kwa maana viendelezi vingine huielewa sifuri kama "bila kikomo". Kihariri nacho nikakibadilisha kihifadhi ninapotoka kwenye dirisha lake. Na faili la data sasa naliweka kwenye Git kila nikimaliza sehemu, kwani Git ikipakia historia yake pamoja huhifadhi tofauti kati ya matoleo badala ya kurundika nakala kamili.

Kisa chako huenda kisifanane na changu, kwa hiyo niseme machache niliyokutana nayo nikiwasaidia wengine.

Ukiwa na viendelezi vingi na hujui kipi, usizime kimoja kimoja. Zima nusu. Tatizo likibaki, liko katika nusu iliyowaka; likiisha, liko katika nusu iliyozimwa. Gawa tena. Viendelezi 32 vinamalizwa kwa raundi tano. Kihariri cha VS Code kina amri ya kukuongoza katika kazi hiyo, iitwayo Start Extension Bisect. Ila kwa tatizo la diski kila raundi inahitaji muda wa kupima, usiharakishe.

Kwenye kivinjari mambo yamejificha zaidi, kwa sababu folda hazina majina ya kusomeka. Katika Chrome na ndugu zake, kila kiendelezi kinatambulishwa kwa herufi 32, zote kati ya a na p. Andika chrome://version kwenye upau wa anwani uone folda ya wasifu wako iko wapi, kisha tazama ndani ya folda za IndexedDB na Local Extension Settings. Ukikuta folda nzito yenye mlolongo wa herufi hizo, fungua ukurasa wa viendelezi, washa hali ya msanidi (Developer mode) inayoonyesha herufi za kila kiendelezi, na ulinganishe. Kwa kawaida hifadhi ya ndani ya kiendelezi ina kikomo cha MB 10 katika matoleo ya sasa ya Chrome, lakini kikipewa ruhusa iitwayo unlimitedStorage kikomo hicho hakikihusu tena. Usifute mafaili ya humo kwa mkono. Ni hifadhidata, mafaili yake yanategemeana, na ukitoa moja unaweza kuharibu yote. Toa mipangilio yako kwanza kama kiendelezi kinaruhusu, kisha kiondoe kupitia ukurasa wa viendelezi. Data yake huondoka nacho.

Na kuna lile fumbo linalowachanganya hata wazoefu: df, amri inayoonyesha nafasi ya diski nzima, inasema imejaa, du inasema haijajaa. Kwenye Linux na macOS, faili likifutwa wakati programu bado imelishikilia, jina hupotea lakini nafasi hairudi mpaka programu ilifunge. Mara nyingi ni faili la logi, yaani lile ambamo programu hujiandikia matukio yake, ambalo mtu amelifuta akidhani amemaliza kazi. Amri lsof +L1 hukuonyesha mafaili yaliyofutwa ambayo bado yameshikiliwa na nani kayashikilia. Funga programu hiyo na uifungue upya, nafasi itarudi. Hii ndiyo sababu kuwasha kompyuta upya huonekana kama dawa: hurudisha nafasi, kisha logi inaanza kukua tena. Kama logi imekuwa kubwa, angalia kama kiendelezi hakikuachwa kwenye kiwango cha kuandika kila kitu tangu siku ulipokuwa unatafuta kosa jingine.

Na ukiambiwa diski imejaa huku df -h ikionyesha nafasi tele, jaribu df -i. Mfumo wa mafaili wa ext4, unaotumika kwenye Linux, hupangiwa idadi ya mafaili unaoweza kubeba siku diski inapoandaliwa, na kiendelezi kinachozalisha vifaili vidogo kwa mamia ya maelfu kinaweza kuimaliza idadi hiyo kabla ya gigabaiti kwisha.

Nilimwandikia pia mtengenezaji wa kiendelezi, bila ukali, kwa sababu mtu anayetengeneza kitu cha bure wakati wake wa usiku hastahili kufokewa. Nikaeleza toleo la kiendelezi, toleo la kihariri, mfumo endeshi, mipangilio yangu yote, jinsi kihifadhi kilivyokuwa kimewekwa sekunde moja, idadi ya nakala na jumla ya GB zilizoliwa. Nikajiona nimeandika ripoti ya kupigiwa mfano. Baada ya siku mbili akajibu kwa sentensi moja, akiuliza faili nililokuwa nalihariri lilikuwa na ukubwa gani. Nililisahau hilo peke yake.