Hesabu Ndani ya Muziki: Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa mafundi na wapigaji wa hapa Mombasa, na karibu zote zinalalamika kwamba sauti haikubali kupimwa kwa rula. Ni kweli, haikubali. Sikio halijumlishi, linazidisha. Ukitoka mitetemo 220 kwa sekunde ukafika 440, umepanda oktava moja. Oktava inayofuata haiko 660, iko 880. Tukitaja senti humu hatusemi pesa: ni kipimo cha sauti, nusu toni moja, yaani hatua ya kutoka kibao kimoja cha kinanda hadi cha jirani yake, ikiwa senti 100 na oktava nzima senti 1,200.

*Asalaam aleikum. Natengeneza magita kwa mkono. Hili la mwisho, kutoka mfupa wa juu unapoanzia uzi hadi darajani unapoishia ni milimita 650. Nilipata katikati, 325, nikaigawa sehemu 12 zilizo sawa nikapiga freti, vile vipande vya chuma vya shingoni. Ya 12 inalia oktava safi. Za katikati zote ziko chini, na ya saba imezidi ubaya. Nimekosea wapi?*
Fundi, Changamwe

Waaleikum salaam, fundi. Umepima vizuri, ila umegawa sawa kitu kisichogawanyika sawa. Kila freti inatakiwa ikate sehemu ileile ya uzi *uliobaki*, na uzi unaobaki unazidi kuwa mfupi kila ukishuka. Kwa hiyo nafasi lazima zizidi kubana. Tazama gita lolote la dukani: freti ya kwanza na ya pili zinapitisha vidole viwili, huku chini karibu na tundu hata kidole kimoja kinabanwa.

Sikio lako halikukudanganya kuhusu ile ya saba. Kwa mgawo wako iko milimita 189.6 kutoka mfupani, na uzi unaobaki ni 460.4. Gawanya 650 kwa 460.4 upate 1.41. Hiyo ni sauti ya nusu toni sita, si saba; imepungua senti 103, na hakuna freti nyingine kwenye shingo hiyo iliyopungua kiasi hicho.

Namba ya kuandika ukutani mwa karakana ni 17.817. Urefu wa uzi ugawanye kwa namba hiyo, upate nafasi ya freti ya kwanza: 650 kwa 17.817 ni 36.5. Toa, zimebaki 613.5. Gawanya tena kwa 17.817, upate 34.4, ndiyo nafasi ya kutoka freti ya kwanza hadi ya pili. Endelea hivyo hadi mwisho. Ukipima kutoka mfupani, freti zako zitaangukia hapa: ya 1 kwenye 36.5, ya 2 kwenye 70.9, ya 3 kwenye 103.4, ya 4 kwenye 134.1, ya 5 kwenye 163.1, ya 7 kwenye 216.2, na ya 12 kwenye 325 kamili. Ya 12 ikikukataa, kuna mahali umekosea kutoa. Rudi nyuma utafute.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu kazi nzuri. Wanapiga hesabu sawasawa, kisha wanapima kila freti kutoka ile iliyotangulia. Kosa la nusu milimita kila mara, mara 12, ni milimita 6. Bandika rula ndefu ya chuma kwenye shingo, isisogee, uweke alama zote kutoka mfupani. Milimita moja tu kwenye freti ya 12 ni senti 5, na mpigaji mwenye sikio ataisikia kwenye kodi, yaani sauti kadhaa zikipigwa pamoja.

Wapo waliofundishwa kugawa kwa 18. Njia hiyo ni ya zamani. Vincenzo Galilei, baba yake Galileo mwanafalaki, aliiandika Italia mwaka 1581. Ni rahisi kichwani, lakini freti yako ya 12 itaangukia 322.6 badala ya 325. Ukiwa na kikokotoo kwenye simu huna sababu ya kuitumia.

Bado jambo moja. Ukibana uzi unauvuta, na ukiuvuta unapanda. Ndiyo maana daraja halikai kwenye 650 kamili, hurudishwa nyuma kidogo: kwa nyuzi za chuma milimita 2 hivi upande wa uzi mwembamba, na 4 au 5 upande wa uzi mnene. Daraja hukaa mshazari kwa sababu hiyo, wala si urembo. Kupima, gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubana, upige, usikilize ile sauti nyembamba inayoelea. Halafu ubane palepale upige tena. Ya kubana ikiwa juu, rudisha daraja nyuma. Ikiwa chini, lisogeze mbele. Usigundishe daraja kabla ya kufanya hivyo kwa nyuzi zote.

*Sisi ni kikundi cha taarabu ya kale. Mzee wetu wa udi akipiga Rast au Bayati, mimi kwenye kinanda cha umeme naonekana kama nimekosea ingawa nafuata noti zilezile. Kwa Hijaz hakuna shida. Tufanyeje?*
Mpiga kinanda, Kisauni

Vidole vyako viko sawa, ndugu yangu. Rast, Bayati na Hijaz ni maqam, mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, na sauti mnayoitafuta haimo kwenye kinanda chako kama kilivyotoka dukani. Shingo ya udi haina freti, kidole kinatua popote. Fidla vilevile. Kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinachopakatwa, ina vyuma vidogo vya kuinua na kushusha kila sauti. Kinanda, akodiani na taishokoto, kile chombo cha nyuzi chenye vitufe, vimefungwa kwenye nusu toni, na baadhi ya sauti za Rast zinakaa katikati ya nusu toni mbili.

Rast ikianzia Do, kwa senti inakwenda hivi: 0, 200, 350, 500, 700, 900, 1,050, 1,200. Tazama ile 350 na ile 1,050. Mi ya kinanda iko 400, Mi bemoli, yaani iliyoshushwa nusu toni, iko 300. Mzee wenu anapita katikati. Kwa mitetemo, Do ikiwa 261.6, Mi ya kinanda ni 329.6, bemoli yake 311.1, na mnayoitaka ni karibu 320.2. Bayati ikianzia Re inahitaji robo toni moja tu, Mi ileile, na Si yake ni bemoli ya kawaida. Hijaz ikianzia Re hupita Mi bemoli, Fa diezi (iliyopandishwa nusu toni), Sol. Hizo zote unazo, ndiyo maana huko mnaelewana.

Vinanda vingi vina menyu iliyoandikwa Scale Tune au jina linalokaribia hilo. Ifungue, uone sauti 12 kila moja na namba yake, zote zikiwa 0. Kwa Rast ya Do weka Mi na Si kwenye -50. Kwa Bayati ya Re weka Mi peke yake. Hifadhi kila mpangilio kwenye kitufe chake, maana katikati ya harusi hutapata muda wa kutafuta menyu.

Yapo matatu yatakayokutibulia. La kwanza ni mwimbaji kuomba mhamie sauti nyingine. Bayati ikihamia La, sauti ya kushushwa si Mi tena, ni Si. Kile kitufe cha kuhamisha sauti nacho kina mambo: kwenye baadhi ya vinanda mpangilio huhama nacho, kwenye vingine hubaki ulipo. Jaribu nyumbani, si jukwaani. La pili ni mkono wa kushoto. Kodi ya Do, Mi, Sol yenye Mi iliyoshushwa itasikika mbovu kwa kila mtu. Piga Do na Sol tu, uwiano wao ni 2 kwa 3 na hautagombana na chochote. Kodi za kujiendesha zizime kabisa.

La tatu linahitaji subira. Ile -50 ni namba ya karatasi. Mkutano wa Muziki wa Kiarabu uliofanyika Cairo mwaka 1932 ulijadili kuigawa oktava robo toni 24 zilizo sawa, na wajumbe hawakuafikiana, kwa kuwa wapigaji wa Misri, Shamu na Uturuki hawaiweki Mi ya Rast mahali pamoja. Aghalabu Mi ya Bayati hukaa chini kuliko ya Rast. Anza na -50, umwombe mzee apige sauti hiyo moja na kuishikilia, nawe shikilia yako. Mkisikia sauti inatikisika, tikitiki, hamjakutana: ikitikisika mara mbili kwa sekunde, mmeachana mitetemo miwili. Sogeza senti 5 kwa 5 mpaka mtikisiko ulale. Kinanda ndicho kimfuate mzee. Yeye asilazimishwe kufuata kinanda, maana hapo taarabu yenyewe ndiyo inayoumia.

*Kwa nini sauti ni 12? Kwa nini si 10, ingekuwa rahisi?*
Mwanafunzi wa kidato cha nne, Tudor

Chukua uwiano wa 3 kwa 2, ule wa Do na Sol, mtamu kupita wote baada ya oktava. Panda kwa huo tena na tena ukitumaini kurudi kwenye Do. Ukizidisha 1.5 mara 12 unapata 129.75. Oktava saba ni 2 ikizidishwa yenyewe mara saba, yaani 128. Zinakaribiana sana, hazikutani. Wala hazitakutana kamwe: 3 ukiizidisha yenyewe mara zozote unapata namba witiri, na 2 daima ni shufwa. Pengo ni senti 23.5, na katika mpangilio wa leo limegawanywa kwa sauti zote 12, kila moja imeibiwa senti 2. Aliyepiga hesabu hiyo kwa ukamilifu ni Zhu Zaiyu wa China, mwaka 1584. Alitafuta kipeuo cha 12 cha 2, yaani uwiano wa nusu toni moja, ambacho ni 1.05946. Ukizigawa oktava sehemu 10, hakuna sauti inayoikaribia Sol. Iliyo jirani iko senti 720 badala ya 702, na utaisikia. Sehemu 53 zingekuwa bora kuliko 12, na nadharia ya muziki wa Uturuki huzitumia, lakini hebu fikiria kinanda chake.

*Mwimbaji wetu ana sauti ya juu, anataka nikaze udi nusu toni tatu. Uzi mwembamba unakatika. Nimenunua mwembamba zaidi, nao umekatika. Ninunue upi?*
Mpiga udi, Mji wa Kale

Usinunue wowote kwanza. Nguvu inayouvuta uzi hupanda kwa mraba wa mitetemo. Nusu toni moja juu inataka nguvu zaidi kwa asilimia 12. Nusu toni tatu, asilimia 41. Uzi uliovutwa kwa kilo 4 sasa unavutwa kwa karibu kilo 5.7, nao ubao wa uso wa udi unabeba ongezeko hilo kwa nyuzi zote pamoja.

Uzi mwembamba hukusaidii, na wengi huona ajabu kuambiwa hivyo. Ni kweli hauhitaji nguvu nyingi kufika sauti ileile, lakini uwezo wake wa kuvumilia nao umepungua kwa kiwango hichohicho. Kwa urefu mmoja na nailoni ya aina moja, mnene na mwembamba hukatika kwenye sauti ileile. Kinachobadilisha mambo ni urefu au aina ya uzi. Kwa hiyo shusha udi ulipokuwa, uhamishe vidole badala ya nyuzi, au ukubaliane na mwimbaji nusu toni moja.

Uzi ukikukatikia hata kwenye sauti ya kawaida, angalia umekatikia wapi. Ukikatikia mfupani, mfereji wake una ncha kali: usugue kwa msasa laini. Ukikatikia kwenye kigingi, tatizo ni ukingo wa tundu lake.

*Nataka kuwafundisha watoto kupiga tatu dhidi ya mbili, kama inavyosikika kwenye chakacha. Wanachanganyikiwa kila mara.*
Mwalimu wa shule ya msingi, Likoni

Mwalimu, waanzie kwenye kigawe kidogo cha shirika. Cha 3 na 2 ni 6. Wahesabu hadi sita kwa sauti, polepole, nusu sekunde kila namba. Mguu upige 1 na 4. Wakizoea, mguu unyamaze, makofi yaje 1, 3 na 5. Halafu vyote pamoja: 1 mguu na kofi, 3 kofi, 4 mguu, 5 kofi, kisha 2 na 6 kimya.

Wataanguka kwenye 4, hakika. Mkono utataka kuufuata mguu. Usiwahimize waongeze kasi. Wagawe makundi mawili, moja miguu, moja makofi, wasikilizane kwanza kwa mizunguko kadhaa, ndipo kila mtoto aunganishe. Hesabu ya mdomo isiachwe mapema. Wakiweza, wape 4 dhidi ya 3, ambayo inataka 12: makofi 1, 4, 7, 10, miguu 1, 5, 9.

Na wakubwa wao waonyeshe hili. Kengele ya ngoma za Waewe wa Ghana na Togo hupigwa mara saba ndani ya hesabu 12, kwa mapengo ya 2, 2, 1, 2, 2, 2, 1. Kisha wahesabu nusu toni kati ya vibao vyeupe vya kinanda kuanzia Do hadi Do. Ni namba zilezile, kwa mpangilio uleule.

*Tarumbeta yetu inapanda juu ya kinanda kila tukipiga mchana nje.*
Mpiga tarumbeta, Kongowea

Joto. Kwa nyuzijoto 20 sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Kwa 32, mita 350. Hewa ndani ya bomba ikipata joto hilo lote, sauti hupanda karibu senti 35, na kinanda hakitasogea. Pumzi yako hulipasha bomba joto hata asubuhi, kwa hiyo tofauti halisi huwa ndogo kuliko hiyo. Puliza dakika 10 kwanza, ndipo ulinganishe. Vuta bomba la kurekebishia milimita 5: kwa kuwa lina miguu miwili, umerefusha milimita 10, na hiyo ni senti 12 hivi. Ongeza kidogo kidogo. Ikikushinda, mwambie wa kinanda apandishe kipimo chake kutoka mitetemo 440 hadi 442 au 443.