Jibu: Pasi ya makumbusho Paris, inafaa? (USILIPE KESHO!)

Ssebo, acha kwanza. Umeandika kwamba kesho asubuhi unapeleka pesa kwa wakala wa safari, pasi nne za makumbusho za Paris (tiketi moja ya kulipia makumbusho mengi), yako, ya mama watoto na za watoto wenu wawili, na swali lako ni moja tu: ya saa 48 au ya saa 96. Halafu chini yake umeuliza habari za metro, hoteli, na kama Mnara wa Eiffel umo. Mimi nilipofika kwenye "pasi nne" tumbo likaanza kuniuma, maana nilinunua tatu, na mpaka leo mke wangu akitaka kunishinda kwenye ugomvi wowote, hata wa nani kamaliza sukari, anataja neno moja: Paris.

Watoto umesema wana miaka 9 na 16. Hao hawalipi. Makumbusho ya Louvre na Orsay, lile lango kubwa la Arc de Triomphe, kasri la Versailles, kote huko aliye chini ya miaka 18 anaingia bure, awe Mfaransa awe Mganda wa Nansana, anaonyesha pasipoti basi. Kwa hiyo pasi mbili kati ya nne zimekufa hata hujatoka nyumbani. Binti yangu alikuwa na miaka 14, na wakala wangu akaniambia kwa upole wa padri, "Boss, na ya mtoto nitakufanyia bei hiyohiyo, siongezi." Nikamshukuru! Mtu ananiuzia kitu cha bure, nami nasimama kumpa mkono.

Hiyo ya mtoto nimeshaisamehe. Kilichoniua ni saa.

Sikia. Ile pasi inahesabu saa, siku haizijui. Mlango wa kwanza ukisoma ile alama ya mistari, pip, saa 48 zimeanza, na usiku umo, usingizi umo, kunywa chai umo. Ni kama bando la intaneti la saa 24: ulitumie usilitumie, linakwenda. Mimi bando nalijua vizuri kabisa, nalinunua kila siku, lakini akili yangu haikuunganisha. Nilisikia "siku mbili" nikaelewa siku mbili, kuanzia asubuhi mpaka jioni kama mtu mwenye akili timamu.

Tulikwenda katikati ya Mei 2024, likizo ya muhula wa kwanza. Tukafika Jumapili jioni. Jumatatu tukaamka tumechoka, tukapanga tupumzike, tutembee tu barabarani. Saa kumi jioni tuko chini ya Arc de Triomphe, binti anasema, "Baba, si tuna pasi? Tupande." Kweli tuna pasi! Nikaitoa kama mtu anayetoa kitambulisho cha ikulu. Pip. Saa kumi na dakika kumi. Tukapanda ngazi 284, mke wangu anahesabu kwa sauti ili nisikie, tukapiga picha juu, tukashuka. Nilikuwa nimefurahi sana. Nimewasha saa Jumatatu jioni, mjinga mimi, na nimefurahi.

Jumanne asubuhi tukaenda Louvre. Ndilo lilikuwa jambo kubwa la safari, binti alikuwa amewaahidi wenzake darasani kwamba atasimama mbele ya ule mchoro maarufu wa Mona Lisa. Tunafika kwenye ile piramidi ya kioo, uwanja mweupe, hakuna mstari hata wa mtu mmoja. Nikamwambia mke wangu, "Unaona faida ya kuamka mapema?" Akanyamaza, akanionyesha kibao. Jumanne Louvre imefungwa. Kila Jumanne. Siyo siri, imeandikwa kila mahali duniani isipokuwa kwenye karatasi niliyopewa na yule wakala.

Mchana huo tukaenda Orsay, na Orsay nisiisemee vibaya, ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Zamani ilikuwa stesheni ya treni, paa lake bado ni la stesheni, na ghorofani kuna saa kubwa ya kioo ambayo unasimama nyuma yake unauona mji kupitia mishale. Tulipiga picha pale, sisi watatu weusi kama vivuli, saa inatuzunguka vichwani. Sasa hivi nikiitazama ile picha naona inanicheka.

Jumatano saa tatu asubuhi, Louvre tena. Safari hii mstari upo, mrefu. Nikaenda kwa mlinzi nimeinua pasi juu. Yule wakala alikuwa ameniapia: mwenye pasi hapangi mstari, anapita kama msafara wa waziri barabara ya Jinja. Mlinzi akaniuliza kitu kwa Kifaransa. Nikamgeukia mke wangu, nikasema kwa Kiswahili, "Huyu anataka nini tena?" Mlinzi akacheka. Kumbe ni mtu wa Bukavu, kule Kongo.

"Papa, nauliza saa yako. Saa ya kuingia. Uko na rezavasyo?"

Nikamwambia nina pasi, nimelipa kila kitu.

Akanitazama kwa huruma kabisa, ile ya mtu anayemwona mwenzake amepigwa. "Papa, pasi ni ya kulipa. Haiko ya kuingia."

Isome tena hiyo. Kwa Kiswahili cha Bukavu, bure, mlangoni mwa Louvre, nilipewa maelezo ambayo ofisi nzima ya Kampala yenye kiyoyozi ilishindwa kunipa. Louvre unatakiwa uchague saa yako kabla, kwenye tovuti yao wenyewe, hata kama una pasi. Kuichagua hakulipishwi, lakini nafasi zinaisha. Kanisa la Sainte-Chapelle vivyo hivyo. Kasri la Versailles vivyo hivyo. Nikatoa simu palepale, vidole vinatetemeka, nikatafuta saa ya siku ile. Hakuna. Nafasi ya kwanza ilikuwa kesho yake, Alhamisi saa tano asubuhi. Na pasi yangu inakufa leo saa kumi na dakika kumi.

Mke wangu akauliza, "Kwa hiyo kesho tunalipa tena?" Tulilipa tena. Euro 22 kila mmoja, mimi na yeye. Mtoto? Bure. Nilipobofya pale kwenye "chini ya miaka 18" ikaandika sufuri, ndipo nikaelewa na ile ya pasi yake. Hasara mbili nimezijua kwa dakika moja, nimesimama, mvua inaanza.

Kuna watu watasema, si mngekwenda kwingine na saa zilizobaki? Makumbusho yaliyomo ni zaidi ya 50. Kweli, na mimi nilisema hivyohivyo. Mke wangu akasema yeye haendi popote, anataka viazi vya kukaanga. Tulikula viazi chini ya mwavuli mmoja huku saa zinateketea mfukoni mwangu.

Sasa hesabu, maana sisi Wakampala tunaelewa hesabu. Wakati ule pasi ya saa 48 kwenye tovuti yao ilikuwa euro 62. Wakala aliniuzia kwa 75. Mara tatu, 225. Kwa bei ya euro siku zile, hiyo ni kama laki tisa na ishirini za Uganda. Ongeza 44 za Louvre, 269. Milango tuliyoingia safari nzima ni mitatu: Arc, Orsay, Louvre. Kama ningelipa tiketi mlango kwa mlango, watu wazima wawili, isingefika hata euro 120. Zaidi ya nusu ya pesa yangu ilikwenda kununua uhodari wa kuruka mstari ambao sikuuruka.

Niliporudi nikapanda zile ngazi za ofisi ya wakala, ghorofa ya pili, lifti yenyewe mbovu. Yuko pale na tai. Nikamweleza. Akaniambia, "Pole sana boss, siku hizi mfumo umebadilika." Mfumo! Banange, mtu hajawahi kuvuka mpaka wa Malaba anakuuzia Paris. Na ukutani nyuma yake amebandika picha kubwa ya Mnara wa Eiffel, ambao kwenye pasi yake HAUMO. Hapo nimekujibu swali moja, Eiffel haumo, una tiketi yake peke yake. Sitamtaja huyo bwana, lakini kama wakala wako ana tai nyekundu na anasema "boss" kila baada ya neno la tatu, kimbia.

Nikiri na langu. Sisi tumelelewa na makumbusho ya pale Kitante, Kampala, barabara ya Kira. Unaingia, unalipa mlangoni, unatazama ngoma na zile ala za muziki kwa raha zako, hakuna anayekuuliza umeweka miadi na ngoma. Yapo tangu 1908 na hayajawahi kunidai saa. Nilidhani dunia nzima ni hivyo.

Kwa hiyo kanuni yangu, na hii ndiyo sababu nimeandika yote haya: SAA YA LOUVRE KWANZA, PASI BAADAYE. Leo usiku, kabla ya kulala, fungua tovuti ya Louvre, tazama siku zako, uone kama kuna nafasi. Ukiipata, shika. Kisha Versailles, kama unaitaka. Ziandike kwenye karatasi. Halafu hesabu kutoka mlango wako wa kwanza mpaka wa mwisho ni saa ngapi. Zikiingia ndani ya 48, ndiyo 48. Zikizidi, 96. Zisipoingia popote, au ukaona orodha yako ni milango mitatu tu kama mimi, nunua tiketi mojamoja ulale usingizi. Na kila mahali pasi inakuingiza mara moja tu, usidhani utatoka ule urudi.

Kumbuka pia Jumatatu Orsay na Versailles zimefungwa, Jumanne ni Louvre. Mtu akiwasha pasi ya saa 48 Jumatatu jioni, anajua mwenyewe anamwiga nani.

Na pasi inaweza kukulipa kweli, nisije nikaonekana ninaitukana tu. Tangu Januari 2026 Louvre inamtoza mtu mzima anayetoka nje ya Ulaya euro 32, kwa hiyo wewe na mama watoto hapo tu ni 64. (Msinune sana. Sisi Mzungu akija Bwindi kuona sokwe tunamtoza dola 800. Wamelipiza.) Ukiongeza Versailles na milango mingine miwili mitatu, kwa siku nne, ya saa 96 inaweza kuwa na maana. Lakini bei yake itazame kwenye tovuti yao wenyewe siku hiyohiyo, usisikie ya tai nyekundu.

Mona Lisa tuliiona, Alhamisi. Sentimita 77 kwa 53, kama kalenda ya ukutani, na mbele yake simu mia zimeinuliwa. Binti alitazama kama dakika moja, akasema, "Ndiyo hii?" Kisha akataka viazi kama vya jana.

Metro na hoteli waulize wengine, mimi sasa nimepandisha presha. Ila niambie kitu kimoja hapa chini kabla hujaenda kwa huyo wakala: unafika siku gani? Tarehe niache nayo. Nataka jina la siku.