Uliza Tukujibu: Siku 10, gari moja na begi la diski

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi na washkaji zangu wawili mwaka jana tulianza gofu ya diski, ule mchezo wa kurusha kisahani cha plastiki mpaka kiingie kwenye kikapu cha chuma kwa mirusho michache iwezekanavyo, na sasa imetushika kabisa, wikiendi haipiti bila kurusha. Tumepanga kukodi gari Marekani siku 10, tuanzie Charlotte, North Carolina, tuteremke South Carolina mpaka Georgia, kazi iwe kucheza tu. Nimekaa na ramani nikahesabu viwanja 28 njiani, yani karibu vitatu kila siku. Mmoja wetu anasema hiyo ni adhabu sio safari, mwingine anasema gari tumeshalipia kwa hiyo tusikae bure hata saa moja. Kila tukikutana ni ubishi. Tupange vipi?

JIBU: Ndugu yangu, niko na huyo anayesema ni adhabu, na sio kwa sababu ya uvivu. Chukua karatasi tupige hesabu. Uwanja wa vikapu 18 mkiwa watatu mnamaliza kwa masaa mawili mpaka mawili na nusu kama hakuna foleni mbele yenu. Kwa mchezaji wa mwaka mmoja tuseme unarusha mara 65 kwa raundi, viwanja vitatu ni kama mara 195 kwa siku, siku 10 unakaribia mara 2,000, na nyingi kati ya hizo sio za kumalizia karibu na kikapu, ni za nguvu zote. Kiwiko na bega havijazoea hiyo kazi. Siku ya nne mkono unaanza kuuma, siku ya sita unarusha ili mradi tu, na viwanja mlivyovisubiri zaidi ndo viko mwisho wa safari.

Kwa hiyo panga uwanja mmoja mkubwa kwa siku, asubuhi, mkiwa na nguvu. Wa pili uwe wa ziada, mnaupiga kama mkono unaruhusu na mwanga bado upo, na msituni giza linaingia mapema kuliko mnavyodhani, jua likiwa bado lipo barabarani huku chini ya miti hamuoni tena diski ilikoangukia. Alafu katikati wekeni siku moja ya kutorusha kabisa, ndo siku ya kuendesha gari safari ndefu. Hapo mnabaki na viwanja kama 12, na nakuhakikishia mtavikumbuka vyote kimoja kimoja.

Jambo la pili, msihame kila usiku. Hili kosa nimelifanya mwenyewe, kila siku kufunga mabegi, kutafuta sehemu mpya ya kulala, siku inakatika mnabaki na masaa mawili ya kucheza. Njia yenu ni nzuri mno kwa kuweka kambi. Charlotte na vitongoji vyake pamejaa viwanja, ni moja ya sehemu zinazojulikana sana Marekani kwa mchezo huu, kaeni hapo siku nne mnatoka asubuhi mnarudi jioni. Rock Hill, South Carolina iko karibu hapo, kama kilomita 40 tu, kwa hiyo wala hamuhitaji kuhama ili mkaone uwanja wa Chuo Kikuu cha Winthrop ambako ubingwa wa Marekani unachezwa tangu 1999. Ila nawaambia mapema msije mkaumia moyo: zile kamba za manjano za kuonyesha nje ya mpaka na yale marobota ya majani makavu mnayoyaona kwenye video yanawekwa kwa ajili ya mashindano, mkienda siku ya kawaida hamtaukuta uwanja kama mlivyouona. Nendeni hata hivyo, kusimama pale kando ya ziwa tu kunatosha.

Baada ya hapo ndo mnaendesha, kama masaa matatu, mpaka Appling, Georgia, karibu na Augusta. Hapa ndo ningetumia siku tatu nzima bila kujiuliza mara mbili. Ndo makao makuu ya chama cha mchezo huu, PDGA, viwanja vitatu viko sehemu moja, unatoka kimoja unaingia kingine bila kuwasha gari. Na kuna makumbusho. Mkifika muulizie habari za mzee Ed Headrick, ndo aliyetengeneza kikapu cha minyororo tunachokitumia mpaka leo, akaweka uwanja wa kwanza wa kudumu Oak Grove kule California mwaka 1975, na mwaka uliofuata akaanzisha hicho chama. Alipofariki 2002 majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki zikatengenezwa diski, yeye mwenyewe ndo aliyetaka hivyo. Mi kila nikifikiria hilo nasisimka. Raundi moja hapo baada ya kujua hiyo habari sio sawa na raundi kumi za kukimbizana na orodha.

Kuhusu kuchagua viwanja vyenyewe: kwenye UDisc, programu ya simu yenye orodha ya viwanja na maoni ya wachezaji, msiangalie nyota peke yake. Someni maoni ya mwezi huu, ndo yatawaambia kama daraja limebomoka, vikapu vimeng'olewa au mto umefurika. Alafu mwangalie kalenda ya mashindano ya PDGA kwa kila wikiendi mtakayokuwa huko. Niliwahi kuendesha masaa manne nikakuta uwanja umefungwa kwa mashindano, nikasimama getini na begi langu nikiangalia wenzangu wanarusha, na tangazo lilikuwepo wiki tatu kabla, sikuliangalia. Kwa hiyo viwanja vyenye jina mvipange katikati ya wiki, Jumamosi na Jumapili mwende vile visivyosifiwa sana. Vingi viko kwenye bustani za umma na ni bure ila vingine vinalipiwa, hilo nalo mnalijua kabla ya kutoka.

Diski: kila mtu abebe zile anazoziamini, mbili mbili za aina ileile, kuliko begi la diski 25 ambazo hamzijui. Upande ule ni misitu, njia nyembamba kati ya miti, diski za mbali zenye kasi kubwa zitawatesa tu, za umbali wa kati na za kumalizia karibu na kikapu ndo zitafanya kazi. Andikeni namba ya simu inayopatikana hukohuko pamoja na barua pepe kwa ndani, watu wengi wa mchezo huu wakiokota wanapiga. Sheria inawapa dakika tatu tu kutafuta, baada ya hapo imepotea, mnaongeza rusho moja la adhabu na kurudi pale mliporushia. Mfuate hiyo hata mkicheza kirafiki, la sivyo siku yote mtaimalizia vichakani. Na huko vichakani kuna kupe, na kuna mmea wa majani matatu matatu unaowasha ngozi vibaya sana, vaeni suruali ndefu. Kingine, msiache begi ndani ya gari lililoegeshwa juani, plastiki inalainika inapinda na diski iliyopinda hairuki tena kama unavyoijua.

SWALI: Mhariri, mimi napenda sana mchezo huu ila mume wangu hachezi, na tuna mtoto wa miaka sita. Tunasafiri kwa gari wiki nzima na nataka nicheze angalau viwanja vinne bila kuwachosha. Inawezekana?

JIBU: Inawezekana dada, ila usiwafanye wawe watu wa kukusubiri kwenye gari, hapo ndo ugomvi unapoanzia. Chagua viwanja vilivyo ndani ya bustani yenye sehemu ya watoto kucheza au maji ya kuangalia, na viwe vya vikapu tisa, saa moja na kidogo umemaliza. Mume mpe kazi ya kweli: asimame mbele, pembeni na sio kwenye njia ya diski, aangalie inapoangukia. Msituni mtu wa hivyo ana thamani kuliko diski mpya, na mtu akishaokoa diski mbili tatu anaanza kujali mchezo mwenyewe. Mtoto mnunulie diski yake moja nyepesi, chini ya gramu 150, rangi anayoitaka yeye, na arushe akianzia katikati ya njia, usimuanzishie unapoanzia wewe. Akichoka kwenye kikapu cha tano mnaishia cha tano. Kama unataka raundi moja ya kwako kabisa, amka alfajiri wao wakiwa wamelala, peke yako vikapu 18 vinakwisha kwa saa moja na nusu hivi, ukirudi ndo wanaamka kunywa chai.

SWALI: Mvua ikinyesha safarini tuendelee au tuahirishe?

JIBU: Mvua tupu endeleeni. Kila mtu awe na taulo mbili, moja ya mkononi na nyingine ndani ya mfuko wa plastiki ibaki kavu, maana diski ikilowa inachomoka mkononi kabla hujaiachia. Rusha taratibu na uangalie unapokanyaga, sehemu ya kuanzia ikiwa ya saruji au mbao inateleza. Radi ni jambo lingine. Ukisikia mngurumo wa kwanza tu mnaacha, hata kama mmebakiza kikapu kimoja, mko kwenye uwazi au chini ya miti mirefu na mnaelekea kwenye kikapu cha chuma. Rudini kwenye gari mfunge vioo, na msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu mngurumo wa mwisho.