Mdogo wangu, wodi ya watu wazima usiilalamikie

Juzi mwanafunzi mmoja wa stashahada ya uuguzi kanitumia ujumbe. Kwenye mazoezi ya vitendo kapangiwa wodi ya wanaume, wenzake wamepelekwa leba na kwa watoto. "Dada, huku ni kugeuza wazee na kumwaga mikojo tu. Nitajifunza nini? Na viatu ninunue vya aina gani?"

Nilicheka, kisha nikanuna, maana maneno hayo nimeambiwa miaka mingi na watu ambao si wanafunzi. Nina shemeji kila tukikutana kwenye sherehe ananiuliza, mbele za watu, kama bado naosha wazee. Orodha za semina zilibandikwa ukutani, jina langu halimo. Sasa mwezi uliopita nimefanywa inchaji, yaani nesi msimamizi, wa wodi hiyohiyo, kwa hiyo leo niacheni niseme.

Mtoto akiumwa analia. Mama mwenye uchungu anapiga kelele, wodi nzima inasikia. Mtu mzima anakuficha, na kila umri una lake la kuficha. Ukijua pa kutafuta, wewe ni nesi.

Chukua kijana. Kaanguka na bodaboda, paja limevunjika, pini imepitishwa chini ya goti na uzito wa kuuvuta mfupa unaning'inia mwisho wa kitanda. Atalala hivyo wiki kadhaa. Siku ya pili hanywi maji, uji wa mama yake kaurudisha. "Sina hamu, sista." Hamu anayo sana! Anaogopa bedipani, kile chombo cha kujisaidia kitandani. Ana miaka ishirini na kitu, wewe ni rika lake, na pazia lenyewe upande mmoja halifungi. Basi choo kinakuwa kigumu kama jiwe, mkojo unageuka rangi ya chai ya rangi, naye anawagombeza ndugu zake. Mimi huyu namtafutia mhudumu wa kiume, na tunapanga saa ya choo ambayo wageni hawajaruhusiwa kuingia. Maji yanaanza kushuka yenyewe. Halafu kila nikipita namwambia achezeshe vidole na kifundo cha mguu, kwa sababu akishajikunyata kitandani hachezeshi kitu.

Wa makamo ni mwingine. Dereva wa lori, presha 200 kwa 120, kichwa kinamgonga. "Dawa unameza?" "Nameza." Mkewe anaitikia kwa kichwa. Usibishane. Ngoja mke aende kuchukua chakula, vuta kiti, uliza tena kwa sauti ya chini. Hapo utasikia kwamba vile vidonge vya kukojoza haviendani na safari, atasimamisha lori mara ngapi? Au atakwambia, huku anatazama dirishani, kwamba tangu aanze dawa mambo ya chumbani hayaendi. Na si uongo, baadhi ya dawa za presha zinaweza kuleta hilo, na presha yenyewe pia, na sukari pia. Dawa mbadala zipo, daktari anaweza kubadilisha. Lakini daktari wa raundi ana dakika chache na msafara wa watu nyuma yake. Nani atamwambia kama si wewe?

Mzee ndiye ninayemtaka hasa, kwa sababu mzee mwenyewe anaweza asifiche kitu, mwili wake ndio unaficha. Nimonia imeshika mapafu na kipimajoto kinasema 36.8. Hakohoi hata. Dalili pekee ni kwamba tangu jana anaongea yasiyoeleweka. Hesabu pumzi zake dakika nzima, usibahatishe kwa sekunde kumi na tano halafu ukajaza chati.

Usiku mmoja tuliletewa babu aliyebebwa na wanawe, anatukana, jasho linamtiririka, shuka limelowa. Ndugu walishakubaliana kwamba karogwa, na mmoja alitaka wageuze gari waende kwingine. Nilimtoboa kidole kwanza. Sukari 2.1. Ukiona chini ya 3.9 ni ya kushughulikia. Hii ilikuwa ya kukimbia. Daktari aliagiza dekstrozi, yaani maji ya sukari ya mshipani, tukaiweka kwenye mshipa taratibu, na kabla chupa ya chai ya ndugu haijafunguliwa babu kaketi anauliza nani kamvua kofia. Kumbe alikuwa anameza glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, kama kawaida huku siku mbili hali chochote. Dawa ile kwa mzee, figo zikiwa zimechoka, inakaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo sukari ikipanda usishangilie ukaenda kulala. Inashuka tena. Tulimpima hadi asubuhi, na wale waliotaka kugeuza gari ndio walionishika mikono kunishukuru. Sijasahau, na wala sitaki kusahau.

Kwa hiyo neno "uzee tu" mimi kwenye wodi yangu silitaki. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla ni mgonjwa wa dharura mpaka vipimo vikatae. Na huko kugeuza unakokudharau, kila baada ya saa 2, ndiko kunakozuia kidonda cha mgongoni ambacho kinaweza kumuua mtu aliyekuja na ugonjwa mwingine kabisa. Vitabu vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri, tumia mgongo wa kiganja: sikia joto, sikia ugumu, kwenye kiuno kwa nyuma na visigino. Ukikuta pana joto au ugumu usipasugue, mwondolee mgandamizo. Na kabla hujamgusa, toa shikamoo. Si "wewe babu wa kitanda cha nne". Ana jina, liko kwenye faili, soma!

Uliuliza pia kuhusu viatu. Nunua vyenye soli ya mpira, vilivyofunika vidole, na uchukue saizi inayokaa vizuri jioni, miguu ikiwa imeshavimba. Vile vyeupe vya mtumba vya elfu kumi vinafaa, ila vikague chini kwanza, sakafu ya wodi ikishapigwa deki asubuhi inateleza.