Maswali ya wasomaji: Tao la mlango limegeuka chini

SWALI: Assalamu alaykum, na shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Wete, namsaidia baba kwenye karakana yake ya useremala. Nimewekewa AutoCAD, programu ya kuchorea kwa vipimo, kwenye laptop, nikaanza kuchora mlango wa tao ambao mteja ameuagiza. Mistari naiona imekutana, nikiikuza naikuta imeachana. Nilitaka duara la upana wa milimita 1000, limetoka la 2000. Na tao lenyewe linaning'inia chini badala ya kukaa juu. Baba ananambia niachane nayo, nirudi kwenye penseli. Nifanyeje?

JAWABU: Wa alaykum salaam, marahaba mwanangu. Mwombe baba akustahamilie kidogo, na wewe penseli yake usiitupe. Tabu zako karibu zote zina chanzo kimoja: unachora kwa macho. Unaburura kipanya mpaka mstari uonekane umefika, kisha unabonyeza. Baba yako hakati ubao kwa kukisia, anashika futi kamba kwanza. Na programu hii inataka hivyo hivyo: uiambie unaanzia wapi na unakwenda kiasi gani, ichore yenyewe.

Kabla ya mstari wowote, kubalianeni kipimo. Ndani ya AutoCAD nambari 1 ni 1 tu, iwe inchi au milimita ni juu yenu. Mafundi wetu husema "mbili kwa nne" na wanakusudia inchi, ilhali wewe umeniandikia milimita. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, basi geuza vipimo vya baba vyote kabla hujakaa kuchora, usichanganye. Na mlango uchore kwa ukubwa wake wa kweli. Kuupunguza ni kazi ya wakati wa kuchapisha: mlango wa urefu wa 2500, ukiuchapisha kwa 1:10, yaani mara kumi ndogo, unakuwa milimita 250 kwenye karatasi, na A4 ina urefu wa 297. Unaingia vizuri.

Sasa tuuchore. Nauchukulia kuwa upana wake wa nje ni 1000, miimo, yaani nguzo za pembeni, inapanda 2000, na juu yake nusu duara. Andika REC, Enta. Andika 0,0 kisha Enta. Halafu @1000,2000 na Enta. Mstatili umesimama. Alama ya @ inaiambia programu ihesabu kutoka pale ulipo: nambari ya kwanza ni kwenda kulia, ya pili ni kupanda juu. Ukiwa huuoni mstatili wenyewe, andika Z, Enta, E, Enta, nao utajaa kwenye skrini.

Hapo washa kinasio, kinachokishika kipanya kwenye sehemu kamili ya mstari, kwa kitufe cha F3, na kwenye orodha yake hakikisha umechagua ncha ya mstari, katikati ya mstari na kituo cha duara. Kuanzia sasa, wakati wa kuchora, ukisogeza kipanya karibu na ncha kitatokea kijisanduku, na katikati ya mstari kitatokea kijipembetatu. Usibonyeze mpaka ukione. Hii ndiyo dawa ya mistari inayoachana, na nakusihi uishike khasa, kwa sababu pengo la nusu milimita hulioni kwa jicho. Utakuja kuligundua siku unataka kujaza rangi ndani ya umbo, programu ikakataa kwa kuwa umbo halikufungwa, au siku unapeleka mchoro kwenye mashine ya kuchonga nayo ikashindwa kujua ndani ni wapi na nje ni wapi.

Tao je? Andika A, Enta. Bonyeza pembe ya juu ya KULIA ya mstatili. Andika C, Enta, ubonyeze katikati ya mstari wa juu, maana hapo ndipo kituo. Malizia kwenye pembe ya kushoto. AutoCAD hulizungusha tao kinyume cha mwendo wa saa, kwa hiyo ukianzia kushoto linapita chini kama lako lilivyopita. Anzia kulia, litakwenda juu.

Na lile duara lililotoka kubwa: ulipoandika C peke yake, ambayo ni amri ya duara, programu ilikuuliza nusu kipenyo, wewe ukaipa kipenyo kizima. Ama andika 500, ama bonyeza D na Enta kwanza ndipo uandike 1000.

Sasa unene wa fremu. Amri ya O hunakili umbo kwa umbali unaoutaka. Andika O, Enta, 100, Enta, bonyeza mstatili, kisha bonyeza popote ndani yake. Fanya vivyo hivyo kwa tao, ukibonyeza upande wa ndani. Tazama ulichopata: kizingiti cha chini, miimo miwili, kizingiti cha juu, na juu yake nafasi ya nusu duara ya kutia nakshi, yote ya unene mmoja. Mimi kila nikiwaonesha vijana hatua hii nafurahi upya. Ukitaka kufuta upande mmoja tu wa mstatili, andika X uupasue kwanza, kwani mstatili huo ni kitu kimoja, si mistari minne.

Nakshi iache kwa sasa. Inaniuma kuona vijana wanapakua maua yaliyochorwa na watu wengine na hawajaweza kuchora mfaa, ule mti wa kati wa mlango, ukakaa katikati ya mlango. Ukijaaliwa kuvuka kuja Unguja, pita Mji Mkongwe na futi kamba. Milango ya Kiarabu mingi ina kichwa kilichonyooka, yenye tao mingi huhesabiwa ya Kihindi. Omba ruhusa kwa wenyewe, pima mmoja wa kila aina, kachore yote miwili.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi, nakaa Jang'ombe. Kompyuta yangu ni kongwe na pesa ya leseni sina. Nijifunze kwa programu gani?

JAWABU: LibreCAD, mwanangu. Ni ya bure, ni nyepesi, na inachora mambo bapa tu: mstari, duara, tao, mstatili. Kwa mwanzo hayo yanatosha. Faili zake ni za DXF, aina ya faili za michoro, na AutoCAD inazifungua. Ukipata mashine yenye nguvu kidogo, jaribu FreeCAD, nayo ni ya bure. Humo unachora umbo ovyo ovyo kwanza, kisha unalifunga kwa masharti: mstari huu ulale, huu uwe 2000, hii miwili iwe sawa. Umbo likishafungwa lote linageuka kijani. Njia hiyo ina umri mkubwa, kwani Ivan Sutherland aliionesha Marekani mwaka 1963 kwa programu yake ya Sketchpad. Na kwa kuwa unasoma, ukiwa na uthibitisho wa skuli au chuo, Autodesk, kampuni yenye AutoCAD, huitoa bure kwa wanafunzi. Ila angalia kwanza kama kompyuta yako itaibeba.