Muulize Fundi: Swichi imezimwa, mbona taa za skukuu bado zinamulika?

Nnaandika haya kumi la mwisho la Ramadhani limeshaingia, na karibu kila ujumbe niliopata mwezi huu ni wa taa za skukuu. Nimechagua minne. Wa kwanza nitaujibu kwa urefu, maana wengi mmeuliza hilo hilo kwa maneno mbalimbali.

*Assalaam alaykum Ami Fundi. Nnakaa Mwanakwerekwe. Mume wangu alitia swichi janja barazani, ile ya kuwasha kwa simu. Skukuu hii tumetoa glopu na mahala pake tumeunga uzi wa taa za LED, meta 10. Simu inasema zimezimwa, lakini usiku zinabaki na mwanga mdogo kama kimulimuli, na mara nyengine zinapepesa. Tumeshabadilisha uzi mara mbili na dukani wanasema taa ni nzima. Tatizo nini? Na hizi hazinimalizii umeme wa Tukuza?*

Waalaykumu salaam, mwanangu. Muuza duka kakwambia kweli, wala usinunue uzi wa tatu. Taa zako nzima na swichi yako nzima. Kilichokosekana ni waya mmoja.

Swichi ya kawaida, ya kubonyeza kwa kidole, ukiizima vyuma viwili vinaachana na umeme hauna pa kupita. Swichi janja haiwezi kulala hivyo. Ndani mna redio ndogo inayosikiliza waifai usiku na mchana ikingoja amri ya simu, na redio hiyo lazima ile umeme hata taa zikiwa zimezimwa. Ikiwa na nyutro yake, yaani ule waya wa kurudishia umeme, inajilisha yenyewe: umeme unaingia kwa waya wa moto, unatoka kwa nyutro, taa haihusiki. Ikikosa nyutro, njia iliyobaki ni kupitia kwenye taa. Basi saa zote inapitisha umeme kidogo humo ili nayo ipate kuishi.

Enzi za glopu za zamani hakuna aliyeliona hili. Glopu ya wati 60 kwa volti 230 inavuta kama miliampea 260. Ukiipitishia miliampea 1 haipati hata joto. LED haziko hivyo. Kijitaa cha LED huanza kuonyesha mwanga kabla hata hiyo miliampea 1 haijatimia, na katika uzi wako vijitaa vimeungwa kwa kufuatana, kwa hiyo kidogo kinachovuja kinavipitia vyote. Ni kama mfereji unaodondosha: ukiuwekea pipa hulioni linajaa, ukiuwekea kikombe cha kahawa asubuhi unakikuta kinafurika. Na kule kupepesa, mara nyingi ni kapasita, kidude cha kuweka akiba ya umeme, iliyomo kwenye kile kiboksi cha uzi: inajaa pole pole, inamwaga, taa zinameta mara moja, halafu inaanza kujaa upya.

Kuhusu Tukuza, tulia. Kila miliampea inayovuja kwa volti 230 haifiki robo ya wati, na ikivuja mwezi mzima bila ya kusita haimalizi robo ya uniti.

Linalonitia wasiwasi mimi ni jengine. Uzi unaomulika hivyo una umeme, na uko barazani, pahala ambapo watoto wanakaa na mvua inapiga kwa upepo. Simu kuandika "imezimwa" si kusema umeme umekatwa. Kabla ya kuugusa, kuufunga upya au kupangusa vumbi, zima mein swichi. Nakuomba sana, na uwaambie wote wa nyumbani.

Sasa dawa. Mumeo akifungua bokisi la swichi, karibu nina hakika atakuta waya mbili tu. Nyumba zetu nyingi zimefungwa kwa mtindo wa Kiingereza: nyutro inaishia juu kwenye dari, pale inapoungwa taa, na swichini inashuka moto na kurudi moto. Mwaka jana nilifungua bokisi kama hilo Kikwajuni, jekundu na jeusi zimetoka ukutani, na kijana wa nyumba alikuwa ameshaunga ule mweusi kwenye tundu la nyutro la swichi yake mpya. Swichi ikawa inakufa na kufufuka siku nzima. Mweusi ule si nyutro jamani! Ni moto unaokwenda kwenye taa. Hata kwa rangi mpya, kahawia na buluu, buluu iliyomo kwenye bokisi la swichi usiiamini mpaka uipime kwa mita. Tesita ya kalamu peke yake haitoshi.

Njia ninayoipenda ni kuvuta waya wa nyutro kutoka juu mpaka swichini na kutia swichi ya aina inayotaka nyutro. Kama kuchimba ukuta hamtaki, kuna kidude cha rilei, swichi ndogo inayojifunga na kujifungua kwa umeme, kinachokaa juu kwenye dari, ambako nyutro ipo, na swichi ya ukutani inabaki kukipa ishara tu. Njia ya tatu ni kapasita ndogo ya kupitishia umeme unaovuja. Baadhi ya swichi za bila nyutro huja nayo kwenye paketi na watu huitupa pamoja na karatasi. Inaungwa sambamba na taa, na kile kinachovuja kinapita humo badala ya kwenye LED. Tumia ile iliyokuja na swichi, au iliyoandikwa X2 na volti 275 za umeme wa ukutani; kapasita ya kuchomoa kwenye redio mbovu hapana, inaweza kuwaka moto.

Kama bado una glopu ya zamani ya wati 15 au 25, unaweza kuiunga sambamba na uzi kwa siku hizi chache na mwanga ule utapotea. Ila swichi ikiwashwa nayo inawaka, inakula umeme kuliko uzi wenyewe.

Lakini ingekuwa kwangu, nisingeunga uzi wa skukuu kwenye swichi ya ukutani hata kidogo. Ningenunua plagi janja, nikaichomeka kwenye soketi ya ndani. Soketini moto na nyutro zote zipo, plagi inajilisha yenyewe, na Eid ikimalizika unachomoa unaweka kabatini.

*Fundi, mimi niko Wete. Nimeunga taa za mapambo kwenye dima ya zamani ili zipungue mwanga usiku. Zinatetemeka, na nikipunguza sana zinazima kabisa. Nyengine, zenye adapta, zinavuma kama nyuki.*

Chomoa hizo zenye adapta sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Adapta inageuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo, na dima inaikatia umeme vipande vipande. Inavuma, inapata moto, inakufa. Mimi niliiunguza moja kwenye harusi Jang'ombe, na harufu yake ilibaki ukumbini mpaka bibi harusi anaingia. Ile haya sijaisahau.

Hizo zisizo na adapta, tazama lebo ya dima yako. Nyingi za zamani zimeandikwa kima cha chini, wati 40 kwa mfano. Uzi wako pengine haufiki wati 10. Kile kipande cha ndani kinachokata na kufungua umeme kinahitaji mzigo wa kutosha ili kibaki wazi. LED hazikipi mzigo huo, ndiyo maana zinatetemeka. Tafuta dima iliyoandikwa ya LED, na taa nazo ziwe zimeandikwa kwamba zinakubali kupunguzwa. Ukikosa kimoja kati ya viwili hivyo, zitie kwenye swichi ya kuwasha na kuzima tu. Uzi ukiwa na kitufe cha mitindo, upo mtindo wa mwanga unaopanda na kushuka taratibu, na huo ni salama kwa sababu unafanywa na kiboksi cha uzi wenyewe.

*Ami, mimi napamba kumbi za harusi hapa mjini. Niliunga adapta 30 za LED kwenye swichi janja moja ya ampea 10. Nilipiga hesabu, hazifiki hata ampea 2. Baada ya harusi ya tatu swichi ikagoma kuzima. Kwa nini?*

Hesabu yako ni sahihi, ila ni ya taa zilizokwishawaka. Adapta ya LED ina kapasita tupu ndani, na sekunde ile ya kuwasha inagugumia umeme mwingi mno kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Adapta 30 zikigugumia pamoja, cheche inapiga kwenye vyuma vya rilei. Nilipasua swichi kama yako nikaitazama kwa lenzi ya fundi saa: vyuma viwili, kila kimoja kama kichwa cha pini, na katikati yake tone dogo lililoyeyuka likagandana. Vimeungana, haviachani tena. Zile ampea 10 za kwenye lebo ni za mzigo wa kawaida kama pasi au hita. Gawa adapta zako kwenye swichi nne au tano na uziwashe moja baada ya moja, au swichi janja iamrishe kontakta, yaani rilei kubwa ya mizigo mizito, na kontakta ndiyo ibebe taa.

*Nimepanga taa ziwake saa 12:30 jioni. Zinawaka saa 7:30 mchana! Chake Chake.*

Tofauti ni saa tano kamili. Programu yako inafuata saa za China. Fungua mipangilio ya nyumba kwenye programu, badilisha eneo liwe Tanzania, halafu badala ya saa chagua kuchwa kwa jua. Kwetu magharibi haisogei hata saa nzima kutoka mwezi hadi mwezi, kwa hiyo mpango huo utakufaa mwaka mzima. Kwa Mapinduzi, tarehe 12 Januari, panga tarehe ukitaka. Kwa Eid usipange: uache ule mpango umezimwa, na mwezi ukiandama mpe mdogo kuliko wote nyumbani aibonyeze simu.